Kipupwe cha Kusini: Siku za Wawili, Siku za Ukoo

Ruhusa ya kazini ni moja, bajeti ni moja, lakini wanaoitaka likizo yenu ni wengi. Iringa na Mbeya zinaweza kuwatosha wote, mradi mpange ratiba kabla ya kukata tiketi.

Ikifika katikati ya mwaka kuna mazungumzo yanayojirudia katika nyumba nyingi za vijana wa mjini. Mmoja anasema, "Safari hii twende mahali tukapumzike, mimi na wewe tu." Mwenzake anakubali, halafu baada ya dakika mbili anauliza, "Sasa nyumbani watatuelewaje wakisikia tumesafiri na hatukufika?" Hapo ndipo likizo inapogeuka kesi. Mmoja anataka usingizi, matembezi na chakula cha taratibu. Mwingine anamfikiria mama yake, shangazi zake na wadogo zake wanaohesabu miezi.

Kama nyumbani kwa mmoja wenu ni Nyanda za Juu Kusini, kesi hii ina uzito wa pekee, maana huko mgeni halishwi kidogo. Yaani unaweza kuondoka Dar es Salaam na kilo zako za kawaida, ukarudi suruali haifungi. Na chakula hicho kina maana: kila sahani ni salamu, na kila sahani iliyorudishwa imejaa ni neno ambalo hukukusudia kulisema.

Ushauri wetu mwezi huu ni mwepesi: msichague kati ya starehe ya wawili na wajibu wa ukoo. Igaweni likizo. Siku tatu za kwanza ziwe zenu, pale Iringa, ambako hakuna anayewadai. Siku zinazofuata ziwe za ukoo, Mbeya na Rungwe. Na mfuate mpangilio huo huo, msiugeuze. Watu wawili waliokwisha kupumzika na kuongea wanaweza kuhimili nyumba saba za ndugu. Wakianza na nyumba saba, wakifika kwenye mapumziko yao wameshanuniana.

Kwa nini Julai na Agosti?

Wenzetu wa Ulaya wana majira yao ya majani kupukutika, mavuno yakiwa yameingia na watu wakikimbilia miji ya jirani kwa siku mbili tatu. Sisi tuna kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la Pwani linapungua, na kule juu baridi inakuwa baridi kweli. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, Iringa nayo iko juu ya mita 1,500. Usiku wa Julai vipimo vinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa aliyezoea feni ya Sinza au Mikocheni, hiyo ni sababu tosha ya kulala mapema na kujifunika blanketi moja na mwenzake.

Huu pia ndio wakati ambao mvua zimekata, barabara za vijijini zinapitika na mahindi na maharage yametoka shambani. Ghala likijaa, mkono wa mwenyeji nao unafunguka. Halafu kuna Nane Nane, Sikukuu ya Wakulima, tarehe 8 Agosti. Maonyesho ya kanda hufanyika Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale kuanzia mwanzoni mwa Agosti, na mwaka 2022 na 2023 viwanja hivyo vilibeba hata maonyesho ya kitaifa. Ukiomba ruhusa kuanzia mwisho wa Julai unapata vyote: baridi, mavuno na sikukuu.

Tahadhari ndogo kwa wapenda picha: maua ya Kitulo, ile hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2005 na wenyeji wakaiita Bustani ya Mungu, huchanua msimu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Ukienda Julai utakuta nyasi kavu na upepo unaokata masikio. Iweke kwenye orodha ya safari nyingine.

Njiani: safari ni sehemu ya likizo

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wengi wanapenda kulala njiani ili waokoe siku. Kwa safari hii tunasema hapana, pandeni la asubuhi. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, na mtu akizipita gizani amekosa nusu ya raha.

Baada ya Morogoro barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na mara nyingi swala, twiga na nyani wanaonekana dirishani bila kulipa kiingilio. Mbele yake bonde la mto linajaa mibuyu, mikubwa na mitupu kipindi hiki, kama imepandwa mizizi juu. Ruhusuni macho yafanye kazi, simu zipumzike. Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu kando ya barabara, lakini jizuieni, hivyo mtavinunua wakati wa kurudi. Halafu unakuja mlima Kitonga. Basi linapanda kwa gia ndogo, kona baada ya kona, malori yakipumua mbele yenu, na mkifika juu hewa imebadilika. Hapo ndipo utamwona kila mtu anaanza kutafuta sweta kwenye begi. Ilula mtaona matenga ya nyanya yamepangwa kama ukuta, na muda si mrefu mji wa Iringa unatokea juu ya kilima, ukiutazama Mto Ruaha Mdogo kule chini.

Kabla hamjafika, upande wa barabara, lipo eneo la Lugalo lenye mnara wa kumbukumbu. Mlitazame tu kwa sasa, habari zake zinakuja.

Iringa: siku tatu ambazo hakuna anayewadai

Uzuri wa Iringa kwa watu wawili ni kwamba ni mji wa kutembea kwa miguu. Katikati ya mji kuna soko la zamani, majengo ya enzi za Wajerumani na mitaa yenye miti, na vyote viko karibu. Hakuna haja ya kukodi gari wala kugombana kuhusu ramani. Amkeni saa mbili, nyweni chai ya maziwa na kitu cha moto, kisha tokeni.

Siku ya kwanza iwe ya polepole. Anzieni Boma, jengo la Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Halafu tafuteni mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanza mwaka 2003 kwa ajili ya kuwapa ujuzi na kazi watu wenye ulemavu. Wahudumu wake wengi ni viziwi, kwa hiyo unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Kaeni pale muone inavyokuwa watu wawili wakilazimika kuwa makini na mikono na uso wa mtu badala ya kupayuka. Nyumbani je, mara ya mwisho mlitazamana hivyo lini?

Jioni pandeni Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji. Kwa Kihehe jina lake maana yake ni jiwe linaloongea. Wenyeji husimulia kwamba Chifu Mkwawa alikuwa akifika hapo kutafakari. Si mlima wa kutisha, ni mwendo mfupi, na saa kumi na mbili kasorobo mji wote unageuka rangi ya dhahabu chini yenu. Bebeni karanga, bebeni shuka. Ulizeni kwanza hotelini njia salama na muda mzuri wa kushuka, msisubiri giza liwakute juu.

Siku ya pili nendeni Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini. Hapa ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe lilikivamia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kukisambaratisha, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani walirudi wakiwa wamejiandaa, wakaibomoa Kalenga kwa mizinga Oktoba 1894. Mkwawa akaendelea kupigana msituni kwa miaka karibu minne, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja kwamba kirudishwe, lakini kilirudi mwaka 1954. Leo fuvu lipo katika makumbusho ndogo ya Kalenga.

Mtu anaweza kuuliza, hayo yanahusu nini likizo ya wapenzi? Yanahusu sana. Mkitoka ndani ya chumba kile mtajikuta mnaongea mambo ambayo hayaongelewi kwenye foleni ya Ubungo: babu zetu walikuwa nani, mtoto tutampa jina gani, mimi nikifa nizikwe wapi. Mazungumzo ya namna hii yanahitaji nafasi na muda, na Dar havipatikani.

Siku ya tatu nendeni Isimila, kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya. Zana za mawe za binadamu wa kale zilitambuliwa hapo mwaka 1951, nyingine zikikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Utaona shoka za mkono zilizochongwa, zimelala pale pale chini. Kisha mnashuka kwenye korongo lenye nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na maji, ndefu kuliko nyumba. Vaeni viatu vya kufunga, bebeni maji na mwende asubuhi.

Mkiwa na mkwanja wa ziada na siku mbili nyingine, Hifadhi ya Ruaha iko kama kilomita 130 kutoka Iringa mjini, na kiangazi hiki ndicho wakati wanyama wanasogea mtoni. Lakini ni gharama: gari, kiingilio, malazi. Msiilazimishe. Siku tatu za mjini zinatosha kabisa kuwarudisha katika hali ya kupendana.

Jambo moja la kufanya usiku wa mwisho Iringa: kaeni chini na karatasi. Andikeni nyumba mtakazotembelea Mbeya, kwa mpangilio, na nani atasema nini mkizidiwa. Umuhimu wa karatasi hiyo mtauona sasa hivi.

Mbeya: hapa sasa mnakula

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni kilomita kama 330. Mnapita Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, mnafika Makambako ambako reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu na upepo unapuliza bila huruma, kisha bonde la Usangu linafunguka kulia na milima inasimama kushoto. Mkiona Uyole, mmefika. Mji wenyewe ulianza miaka ya 1920 watu walipokimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya, na mpaka leo una tabia ya mji wa biashara: unaamka mapema, unaongea kwa sauti, na unakula vizuri.

Sasa tuzungumze kujichana.

Namfahamu dada mmoja wa Tanga aliyeolewa na kijana wa Tukuyu. Nane Nane yake ya kwanza ukweni, ratiba ilikuwa ya nyumba tano kwa siku moja. Nyumba ya kwanza: chai ya maziwa, ndizi za kuchemsha na mayai. Ya pili: wali wa Kyela na kuku. Ya tatu: ugali, nyama na mboga za majani. Ya nne: ndizi zilizopikwa na nyama, bakuli la pili likiwekwa kabla la kwanza halijaisha. Kufika ya tano, kwa shangazi aliyemlea mume wake tangu akiwa darasa la pili, kuku alikuwa amechinjwa asubuhi kwa ajili yake. Dada wa watu akasema kwa heshima zote, "Asante sana shangazi, nimeshiba."

Alisema kweli tupu. Lakini shangazi alisikia kitu kingine: kwamba kwa wengine umekula, kwangu umekataa. Mume wakati huo alikuwa nje na binamu zake wanatazama pikipiki. Usiku ule wale wawili waligombana kwa kunong'ona, si unajua nyumba za ukweni kuta zina masikio, na siku ya kurudi walikaa kwenye basi kutwa nzima kama abiria wasiojuana. Shangazi hakupiga simu kwa miezi.

Mwaka uliofuata walibadilisha kitu kimoja tu. Walianza kwa shangazi, saa nne asubuhi, wakiwa hawajanywa hata chai. Dada alikula sahani mbili. Kesi ikaisha bila kikao.

Kula bila kuumia, kukataa bila kuumiza

Kutokana na kisa hicho, na vingine vingi vinavyofanana nacho, haya ndiyo ya kuandika kwenye ile karatasi yenu ya Iringa.

Kwanza, nyumba nzito zije mwanzo. Aliyemlea mwenzako, aliyemsomesha, aliye mkubwa kuliko wote, hao mfike kwao na njaa. Nyumba mbili za kula kwa siku zinatosha, nyingine ziwe za chai au za salamu za jioni. Tumeni ujumbe mapema: "Mama mdogo, tutapita Alhamisi saa kumi, tunakuja kwa chai." Ukishasema chai, mwenyeji hachinji.

Pili, jipakulie mwenyewe ukiruhusiwa, na uanze na kidogo. Sahani ndogo iliyoongezwa mara mbili inampendeza mpishi kuliko mlima ulioachwa nusu. Kula taratibu, uliza chakula kimepikwaje, sifia kitu mahususi: maharage haya, kachumbari hii. Mpishi anayejibu maswali anasahau kukuongezea.

Tatu, mwenye ukoo ndiye anayekataa. Kama mmefika kwenu, ni kazi yako kumkinga mwenzako. "Shangazi, huyu nimemmaliza mimi kwa kumlisha njiani, mfungie chakula chake tutakula usiku." Kauli hiyo ikitoka kwako ni utani. Ikitoka kwa mgeni ni dharau. Kukaa nje na binamu wakati mkeo au mumeo anapambana na bakuli la tatu ni utovu wa upendo, tuseme ukweli.

Nne, semeni mapema msichokula. Kitimoto inapendwa sana mikoa hii, na mwenyeji anaweza kukuandalia kwa moyo safi kabisa. Simu ya wiki moja kabla inaokoa aibu ya pande zote. Vivyo hivyo kwa mwenye vidonda vya tumbo, sukari au presha: mwenzako awaeleze wapishi kwa siri, isiwe hadithi ya mezani.

Tano, tembeeni baada ya kula. Baridi inaongeza hamu ya chakula na inapunguza hamu ya kunyanyuka, ndiyo maana watu wanavimbiwa. Msilale na tumbo zito, kiungulia hakina heshima kwa wageni. Ombeni mtoto mmoja wa nyumbani awaonyeshe shamba la ndizi au la chai. Nusu saa inatosha, na hapo pia mnapata dakika zenu za kushikana mikono.

Jifunzeni na salamu. Iringa na Njombe "Kamwene" itakufungulia mlango wowote. Kwa Wanyakyusa unasalimia "Ugonile", na "Ndaga fijo" ni asante sana. Ukiitamka vibaya watacheka, na wakicheka umeshapokelewa.

Mkamwana na baba mkwe

Kwa mabinti mnaokwenda ukweni Rungwe au Kyela kwa mara ya kwanza, kuna mila moja ya kuijua. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi mkamwana alivyotakiwa kumkwepa baba mkwe kwa heshima: kutokutana naye uso kwa uso, hata kutotaja jina lake. Nyakati zimebadilika na familia nyingi zimelegeza, lakini zipo ambazo mpaka leo mkamwana hakai meza moja na baba mkwe.

Kwa hiyo ukiona mzee ameinuka ulipoingia, usihesabu kwamba hakupendi. Huenda amekupa heshima kubwa kuliko mtu yeyote mle ndani. Muulize mwenzako kabla hamjafika: "Kwenu mnafuata vipi?" Akijibu "sijui, utaona hukohuko," mwambie apige simu kwa mama yake palepale. Mtu asiingizwe mtihani ambao hajaambiwa somo.

Kutoroka kwa siku moja

Hata katika siku za ukoo, ombeni siku moja. Waambieni, "Kesho tunakwenda kutembea, tutarudi usiku." Hakuna atakayekasirika, maana vivutio vya kwao ndivyo wanavyojivunia.

Ziwa Ngozi liko juu ya milima ya Uporoto, njiani kati ya Mbeya na Tukuyu. Ni ziwa ndani ya kreta ya volkano, na ili ulione unapanda kwa miguu kwenye msitu mnene, mwisho wake ukiwa mkali kidogo. Chukueni mwongozaji wa kijijini. Mkifika ukingoni, maji ya kijani yako chini kabisa, na ukungu unakuja na kuondoka kama pazia. Watasimulia habari za mali ambayo Wajerumani waliificha humo. Msikilize, mfurahi, msiulize ushahidi.

Mkitaka kisichochosha, nendeni Kiwira. Daraja la Mungu ni mwamba wa lava uliopoa na kuacha upinde juu ya mto. Kijungu ni mahali ambapo mto uleule unajiminya na kuingia kwenye shimo kama chungu, kisha unatokea mbele. Vyote viwili mnaviona kwa siku moja na mnarudi kwa chakula cha usiku, kwa bahati nzuri au mbaya.

Na kama baridi imewashinda, teremkeni Matema. Safari moja inawatoa kwenye mashamba ya chai ya Tukuyu, inawapitisha kwenye mpunga wa Kyela na kuwashusha hadi Ziwa Nyasa, mwinuko usiofika mita 500, ambako mnavua masweta na kuingia majini. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi ziwani. Wanawake wa Kikisi wa eneo hilo wanajulikana kwa vyungu vyao, na soko lake la Jumamosi liko Lyulilo, karibu na Matema. Chungu kimoja kinatosha, kwenye basi hakina pa kukaa.

Begi na bajeti

Bebeni: sweta nzito moja kila mtu, soksi, kofia, mafuta ya mgando ya midomo, na viatu vya kutembea. Dawa za kiungulia na za tumbo ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Suruali moja iwe ya lastiki, mtatushukuru.

Zawadi za ukweni zisiwe za kujionyesha. Sukari, sabuni, kitenge kwa mama na shangazi, kitu cha Pwani kama nazi au tende. Pangeni fungu hilo mbali na pesa ya matumizi, na wote wawili mjue ni kiasi gani. Ugomvi mwingi wa likizo unaanzia pale mmoja anapogundua kwamba mwenzake ametoa pesa kwa ndugu bila kusema. Kubalianeni Iringa: hiki ni cha nyumbani kwenu, hiki ni cha dharura, hiki hakiguswi, ni nauli ya kurudi.

Na msishangae mizigo ikiongezeka. Mgeni wa Rungwe haondoki mikono mitupu: mkungu wa ndizi, kiroba cha viazi, maharage, mchele. Acheni nafasi, na mwacheni mama afunge mwenyewe. Hata kama ndizi zinauzwa hatua chache kutoka mlangoni kwenu Dar, hizi mkizikataa mtarudi kwenye kesi ya shangazi.

Mkirudi mjini mtakuwa mmeongezeka kilo mbili au tatu, hizo zitaondoka. Kuna swali moja la kuulizana kabla ruhusa haijaisha, mkiwa bado na vumbi la safari: Desemba tunakwenda kwa nani? Watu waliopata siku zao tatu Iringa wanalijibu wakicheka. Lijibuni mapema, liandikeni, halafu mpigie simu upande wa pili kuwaambia kwamba zamu yao inakuja.